Lenzi Iliyomwona Mama

Bunia, Jumatano jioni.

Mvua ilinyesha asubuhi mapema, ikakata, kisha jua likatoka kwa hasira juu ya matope. Umeme upo, simu imejaa chaji, sina kisingizio cha kutoandika. Amani ndiyo sina.

Kwa muda sasa namsaidia kazi mtu ambaye simwamini. Hapa nitamwita Bwana Firmin. Si jina lake, na hata lile aliloniambia nadhani silo.

Alikuja kwenye studio yangu ya picha, mtaa wa Rwambuzi, akasema anapiga picha za ndege na anatafuta mtu wa hapa anayejua kamera. Harusi zimepungua tangu watu waanze kukimbia vijiji, nami nilikuwa nimekaa tu nafuta vumbi kwenye maua ya plastiki. Nilikubali. Lakini niseme ukweli: ningekubali hata kama ningekuwa na harusi kila Jumamosi, kwa sababu alinionyesha lenzi.

Sijawahi kuona kitu kama kile. Ni nene kuliko ndoo ya maji, na ukiisimamisha inanifika kiunoni. Wanaume wawili waliipandisha juu ya paa la nyumba ya ghorofa aliyopanga. Ilipokaa kwenye stendi yake ya miguu mitatu, kamera iliyofungwa nyuma yake ilionekana kama kupe kwenye ng'ombe. Niliweka jicho. Kilima cha upande wa Djugu, ambacho kutoka mjini ni kijani tu, kilikuja mpaka puani pangu. Niliona mbuzi akitafuna. Nilifurahi, sikatai.

Firmin anapenda kuisimulia. Anasema lenzi za ukubwa huo zimetengenezwa chache sana duniani, nyingine kwa agizo tu, na kati ya walioziagiza yalikuwemo majeshi: kutazama ng'ambo ya mpaka bila kuvuka, kuchungulia meli za adui kutoka nchi kavu, kufuata kombora likiruka. Yake ni nyeupe, lakini karibu na pete ya mbele rangi imebanduka, na chini yake kuna kijani cha jeshi. Pale palipokuwa na namba pamesuguliwa kwa tupa.

Ndege gani hao wanaotaka namba isuguliwe?

Nyange hupita kila jioni mbele ya paa wakifuata ng'ombe, naye hajageuza shingo hata mara moja. Anapiga vilima. Anapiga vijia. Nilipomuuliza picha zinaenda kwa nani, alisema kwa wakubwa, akanimiminia chai. Wakubwa wa upande gani, hakusema, na huku kwetu hilo ndilo swali lenyewe. Nikanywa chai, nikaendelea kufuta vioo vyake.

Sasa jambo la leo.

Mama yangu alitoka Kpandroma akikimbia vita, na sasa anakaa kwangu, lakini mikono yake haijui kukaa. Kanisa limempa yeye na wamama wenzake shamba kwenye mteremko wa kilima kile kile. Njiani kuna wenye bunduki, leo hawa, kesho wale, na wote wanapenda kunyang'anya majembe. Kwa hiyo Mama aliwafundisha wenzake ujanja. Chuma cha jembe wanakichomoa nyumbani, wanakifunga kwenye kitambaa na kukificha chini kabisa ya kitunga wanachobeba kichwani. Mpini wanauweka begani mtupu. Nani ataiba fimbo? Wakifika shambani wanaurudisha mpini kwenye chuma, wanagonga kwa jiwe, wanalima. Nilikuwa nikijisifu kwa wateja kwamba mama yangu amewashinda akili wenye bunduki.

Mchana Firmin aliniita kwenye kompyuta yake nitazame picha za jana. Alizipiga jua likiwa kali. Joto lilikuwa linapanda kutoka ardhini, na lenzi kama ile, kwa umbali ule, hukuza hata joto. Kila kitu kilikuwa kinayeyuka. Nyuso hazipo, nguo ni madoa. Lakini mstari wa watu ulionekana ukipanda kilima, na kila mmoja alikuwa na kitu kirefu, chembamba, begani.

Chini ya picha alikuwa ameshaandika: wenye silaha.

Wa tatu kwenye mstari alikuwa anaegemea kushoto, kwa sababu ya nyonga inayomuuma. Mtoto hahitaji uso ili amjue mama yake.

"Weye iko mutu ya hapa," Firmin aliniambia. "Ile watu ni nani?"

Hakuwa anatazama picha. Alikuwa ananitazama mimi.

Nikisema ni mama yangu, nampa Firmin mama yangu, njia yake na siku zake, aende navyo kwa watu nisiowajua. Nikinyamaza, mama yangu anabaki na bunduki begani.

"Sijui," nikasema.

Alitabasamu kidogo, akahifadhi picha. Sidhani kama aliniamini. Nadhani tangu leo tunashukiana sawasawa.

Petro alikana akiota moto. Mimi nilikana nikiwa na kikombe cha chai mkononi.

Nilipofika nyumbani Mama alikuwa anachambua sombe, kisamvu cha huku kwetu. Nikamweleza yote, hata lile neno "sijui". Kwanza aliuliza kama kitambaa chake kipya cha kichwa kilionekana vizuri. Ndivyo alivyo. Kisha akaweka sombe chini, nami nikamsihi asiende tena kule. Alisema majani yanasonga mahindi, palizi haingoji wenye lenzi. Halafu akasema hivi:

"Kama mupini tu iko naonekana sawa bunduki, kesho siye tutabeba jembe muzima. Wakiiba, waibe. Jembe iko mingi kwa soko. Miye iko moja tu."

Niliona haya kuliko kama angenitukana. Alikuwa tayari kuacha ujanja wake mwenyewe, na mimi sikuweza kuacha kikombe cha chai.

Ila jembe zima halitoshi. Joto likipanda, jembe nalo litayeyuka. Hilo nalijua mimi, kwa sababu nimeweka jicho pale. Kwa hiyo nimewaomba wamama watoke mapema, hewa ikiwa bado baridi. Saa hizo lenzi ile huonyesha hadi kope za mbuzi.

Kila asubuhi ni mimi ninayefuta umande kwenye kioo chake cha mbele. Kesho atafuta mwenyewe. Mimi nitakuwa kwenye mstari, mbele ya Mama, na jembe lenye chuma chake begani. Kuna kona moja ya kijia inayotazama mji. Hapo nitasimama na kuinua uso.

Naogopa. Sijui kama juu ya paa kutakuwa na Firmin peke yake, au na hao wakubwa wake. Nimeandika haya hapa mtandaoni, palipo wazi, ili mtu mwingine ajue kwamba kwenye mteremko ule kuna wamama na mahindi tu. Kama Firmin naye anasoma, asome.

Aliniuliza wale ni nani. Kesho nitamjibu.