Mkoko wa Bibi Mwajuma

Shikamoo Bibi,

Salamu zikufikie huko Ujiji. Leo sikuwa na wa kuzungumza naye, nikawafuata kina mama wa Kaole kupanda mikoko, ile miti inayoota kwenye tope la bahari. Maji yalikuwa yamekupwa, jua linachoma utosi. Kila mama akichomeka mche anatia nia kwa sauti: "Huu wa mume wangu." "Huu wa mama." Ni sadaka, wanasema. Samaki wakijificha humo, thawabu zinamfikia aliyetajwa, na mti wenye jina la mtu hakuna anayethubutu kuukata.

Nami nikachomeka wangu: "Huu wa Bibi yangu, Mwajuma."

Wote wakanigeukia. Mama Rukia, aliyekuwa kando yangu, akanishika bega kwa mkono wa tope. "Pole, mwanangu. Mungu amrehemu."

Kumbe wanaotajwa ni marehemu tu! Nilitaka kusema uko hai, juzi tu umenigombeza kwenye simu. Lakini Bibi, tangu nije huku kikazi hakuna aliyewahi kuniambia pole kwa lolote. Nikalia kweli. Wakanichukua kwao, wakanilisha wali wa nazi na samaki changu wa kukaanga, kila mmoja ananisogezea minofu.

Mkoko wako nitauangalia kila maji yakikupwa. Wewe ishi sana, Bibi. Usije ukafa, maana pole zako nimeshazila zote.

Mjukuu wako mtundu,
Zaituni