Kisima cha Mama Yasinta Ufukweni

Swaumu, bado tuko Pangani. Leo tumemkosea mtu mzima.

Si unakumbuka Yasinta wa ofisini alivyoapa kumleta mama yake kutoka Mpwapwa aione bahari kabla hajafa? Basi jana tumefika, mama kaiona, kacheka mpaka machozi.

Asubuhi hii tunatoka, maji yamekupwa. Mchanga mtupu mpaka kule mbali! Mama akashtuka: "Imekauka?" Hakungoja jibu. Akapiga magoti, akaanza kuchimba kwa kikombe cha chai, haraka haraka, kama wanavyochimba kwao mtoni wakati wa kiangazi.

Tulicheka, Swaumu. Sote. Yasinta ndiye aliyezidi, anarekodi kwa simu: "Mama, unachimba kisima baharini!"

Mama hakuinua hata uso. Akasema, "Ebenezer alikufa nikiwa nachimba hivi hivi."

Ebenezer!! Yule kaka yake Yasinta aliyekufa mwaka wa ukame, Yasinta hajazaliwa.

"Aliniomba maji. Nikaenda kuchimba. Narudi na kikombe kimejaa, mwanangu ameshanyamaza."

"Nikiwa nachimba hivi hivi." Na sisi tunacheka!

Yasinta aliitupa simu, akapiga magoti, akachimba naye.

Mchana bahari ikarudi yenyewe, ikakifukia kile kishimo. Mama akasimama anaitazama, kikombe mkononi, maji yanamlowesha kanga.

Akasema taratibu, "Kumbe wenzetu huku maji yanawafuata."