Anayejibu Maswali ya Mwanangu ni Mimi

Mpendwa mshauri, naomba msaada na unisitiri, maana hili sijamwambia hata mama yangu mzazi. Mimi ni fundi cherehani, binti yangu ana miaka saba na ana usonji, maneno yake ni ya kuhesabu kwa vidole, tukapata mwalimu wa watoto kama yeye lakini yuko mbali, anamfundisha kwa simu ya video, anamwonyesha picha mbili anamuuliza, "Mvua ikinyesha tunachukua ipi?" naye aoneshe kwa kidole. Wiki za mwanzo alikuwa anaangalia dari tu, nikaogopa mwalimu atachoka atuache, nikaanza kumgusa paja chini ya meza, la kulia kwa picha ya kulia, la kushoto kwa ya kushoto, akapatia yote, mwalimu akapiga makofi, baba yake akanikumbatia, "Si nilikwambia ataelewa?" nikakosa njia ya kurudi nyuma. Sasa mwalimu kamvusha hatua, anamuuliza mambo ya kwa nini na ingekuwaje, na mtoto simu ikilia tu anajiuma mkono mpaka damu, jana kajifungia kwenye kabati la vitambaa, nikamsikia humo ndani, "Paja. Paja. Paja." Neno hilo hajawahi kulisema, na Jumatatu baba yake anataka kukaa naye kwenye somo. Sili, sishoni, naogopa. Nifanye nini?

Fundi Mwenye Hofu

Mama, pole. Woga wa mzazi naujua. Ila usiniambie ulikuwa unamsaidia. Umempandisha mtoto ngazi ambayo hata kipandio cha kwanza hajakikanyaga. Ungekuwa wewe, usingejiuma? Na hilo neno linakutisha kwa kuwa linakushtaki, lakini lisikilize vizuri: mwanao amekwambia kinachomuumiza. Watoto wangapi wanaweza?

Leo hii mketishe baba yake umwambie. Atanuna, mwache anune. Kisha mpigie mwalimu, usijifiche nyuma ya ujumbe. Mwambie ulianza lini, ulifanyaje, na ile damu usiifiche, ili arudishe somo nyuma. Kipindi kijacho kaa pale kamera inapokuona, mikono juu ya meza. Mtoto akiangalia dari, aiangalie. Kusubiri ndiyo kazi ya mwalimu huyo. Akiwaacha? Itauma, utatafuta mwingine, na huyo utaanza naye kwa ukweli.

Umemaliza kusoma? Mwite baba yake, kisha piga simu, hivyo hivyo na woga wako.