Namba ya Siri Iliingia Tukitoka Makaburini

Mpendwa mshauri, shikamoo kama umenizidi umri, na mwandiko unisamehe, niliishia darasa la nne. Mimi ni mjane, nauza mafuta ya alizeti hapa Singida mjini, na naomba msaada kwa sababu mwanangu hanisemeshi na biashara yangu inakaribia kufungwa. Nilipokwenda kuchukua namba ya mlipakodi waliniuliza simu, nikaandikisha ya Fredrick, mwanangu mkubwa, maana kwetu mume akishafariki karatasi za nyumba zinakaa kwa mtoto wa kiume, tena mimi nina kitochi tu na yeye ana simu kubwa, ikawa kila mwaka ikifika Juni naenda kwa Magdalena wa steshenari ananijazia ritani ya kodi kwenye kompyuta, namba ya siri ya kuithibitisha inaingia kwa Fredrick huko machimboni Sekenke, ananisomea, tunamaliza. Sasa mwaka jana mkewe Jenipher alijifungua, mtoto akafa siku ya nne, nikaenda, na siku ya kuzika ikaangukia tarehe thelathini Juni, ndiyo siku ya mwisho ya ritani, nami nilikuwa nimechelewa kama kawaida yangu, Magdalena akapiga kwamba namba imetumwa na isipoingizwa upesi inakufa, basi mshauri, Mungu anisamehe, tunatoka makaburini mwanangu ana udongo mikononi nikamwambia, "Mwanangu, hebu angalia simu, kuna namba imeingia." Akaisoma yote, tarakimu moja moja, waombolezaji wanasikiliza.

Mwaka huu hapokei simu yangu, nikapiga kwa simu ya jirani, akapokea, akasema, "Mama, kumbe Juni imefika." Akakata. Zimebaki siku tisa, na bila ritani sipati karatasi ya kuhuisha leseni. Kaka yangu Gasto yuko tayari kwenda kumwomba, je nimtume?

Mama Fredrick, Singida

Mama Fredrick, pole. Pole ya mjukuu kwanza, maana umeandika habari za ritani yote lakini hukusema hata kama alikuwa wa kike au wa kiume.

Usimtume Gasto. Kitochi chako kinapokea ujumbe sawa na simu kubwa, na hiyo namba ingeingia kwako miaka yote hii. Kesho asubuhi, si wiki ijayo, chukua kitambulisho cha taifa na hicho kitochi, nenda ofisi ya kodi uombe simu iliyoandikwa ibadilishwe iwe yako. Hakikisha laini imesajiliwa kwa jina lako, na majina yafanane kwenye kila karatasi, la sivyo utazungushwa. Daftari la mauzo la mwaka mzima libebe, usianze kulitafuta ukiwa dirishani. Magdalena akimaliza, akuchapie nakala uitunze. Na mwakani anza Januari, mama. Siyo kodi iliyokufuata makaburini, ni uzito wako wa kuamka mapema.

Ukishamaliza, panda gari uende Sekenke. Fredrick atakuuliza umefuata nini, kwa sababu ndivyo ulivyomzoeza. Usijitetee. Mwambie hukufuata kitu, akupeleke tu kaburini kwa mtoto, na simu uwe umeizima. Akikataa kukufungulia, usinung'unike. Rudi mwezi wa nane, rudi wa kumi, miezi ambayo hujawahi kumpigia.