Kamera Tupu ya Bwana Fidelis

Jumapili, Nyamisangura, Tarime. Tangu asubuhi mvua inakuja, inaondoka, inarudi tena. Umeme upo. Hasira pia ipo.

Nimekaa wiki mbili na dharau kifuani. Nimeamka nayo, nimefungua nayo duka, nimewapiga watu picha za pasipoti huku ninayo. Leo naiandika hapa niione vizuri, maana sehemu yake inanihusu mimi mwenyewe, na nitafika huko, nisikimbie.

Mnaosoma blogu hii mnaujua ugonjwa wangu. Nakusanya lenzi za zamani, zile za kamera ambazo hutazami kupitia lenzi yenyewe bali kupitia kidirisha kidogo juu yake. Ndani ya kidirisha mtu unamwona mara mbili. Unazungusha lenzi taratibu mpaka hao wawili wanakuwa mmoja, ndipo unabonyeza. Ninazo nne. Tatu zilitoka kwenye studio zilizofungwa, na moja niliipata mpakani Sirari kwa Mkenya aliyeapa kwa jina la mama yake kwamba ni nzima. Zote zina mikwaruzo. Zote zinafanya kazi: harusi, misiba, ubatizo, ng'ombe wa mahari. Kamera ya kisasa ndiyo inayolipa kodi ya duka, lakini nikitaka kufurahi nachukua hizi.

Bwana Fidelis anazo thelathini na moja.

Yeye ana duka la mabati na saruji hapa mjini. Lenzi zake zinakaa kwenye kabati la vioo lenye taa ndogo, kila moja na kifuko chake cha ngozi, kofia yake ya kuzuia jua, na vifuniko vyake viwili. Ana vidirisha vya kutazamia vya lenzi ambazo hana. Ana mikanda ya shingoni iliyosukwa kwa mkono. Akishika lenzi mpya kwanza anainusa, halafu anafumba macho na kusema, "Hii ina tabia." Miaka yote niliyomfahamu sijawahi kuona picha hata moja iliyopigwa na mojawapo ya lenzi zile. Siku moja nilimwomba anionyeshe. Akatoa simu akanionyesha picha ya lenzi.

Kwetu mtu mwenye ng'ombe wengi anaheshimiwa, sawa. Lakini ng'ombe wanatoa maziwa.

Sasa, mwezi uliopita nilisikia habari za Mzee Makuru wa Morotonga, kule Mugumu. Alikuwa mpigapicha wa pale kwa zaidi ya miaka arobaini. Kamera yake ilikufa zamani, lenzi ikabaki, na watu walisema bado anayo ndani. Nilifanya kosa la kumwambia Fidelis. Macho yalimtoka.

"Bhoke, ukinifikisha kwa huyo mzee, ile thelathini na tano yangu ya akiba ni yako."

Thelathini na tano ni lenzi pana, inayomeza chumba kizima na watu wake wote. Nimeitamani tangu nianze kazi hii. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi.

Tulienda Jumamosi ya wiki mbili zilizopita, kwa gari lake. Kuanzia Tarime, kupita Nyakunguru ambako vijana walikuwa wanatoka mashimoni wamejaa tope la dhahabu hadi kwenye kope, mpaka tunaingia Mugumu, alikuwa ananieleza habari za kioo. Hakugeuza shingo dirishani hata mara moja. Picha mia zilipita nje, na yeye alikuwa anazungumzia rangi ya zambarau inayoonekana kwenye lenzi ukiielekeza juani.

Mzee Makuru ni mrefu, amekonda, ana vidole vya mtu aliyezoea kushika vitu vidogo. Tulimwamkia, akatukaribisha, akaingia ndani, akarudi na lenzi yake imefungwa kwenye soksi ya mtoto. Fidelis aliinusa. Nilitaka kuingia chini ya meza.

Bei haikuwasumbua. Mzee alikuwa na sharti moja tu.

"Nimepiga wilaya hii nzima," alisema. "Wazazi wao, watoto wao, maiti zao. Mimi na mama yenu hatuna hata picha moja tuko pamoja. Kila mara mimi nilikuwa nyuma ya kamera. Kabla hujaondoka na lenzi yangu, mura, kijana wangu, tupige nayo."

"Hilo tu?" Fidelis alisema. "Mzee, itakuwa heshima kwangu."

Mke wa mzee, Mama Rhobi, alitumia karibu saa nzima kujiandaa. Alioga, akajipaka mafuta, akavaa gauni la bluu lenye kola nyeupe, akamtuma mjukuu kwa jirani akaazime hereni. Viti viwili vililetwa ukutani. Walikaa, mikono magotini, wakanyooka kama wanafunzi wa siku ya kwanza.

Fidelis alifunga lenzi ya mzee kwenye kamera yake inayong'aa. Akavalisha kofia ya jua. Akaweka kile kitufe chake chekundu cha kubonyezea. Akatoa kipima mwanga, akakisogeza hadi shavuni kwa bibi, akasoma, akatikisa kichwa kama daktari. Akazungukazunguka, akapiga goti, akainuka. Akabonyeza, akavuta mkono wa kusogeza filamu, akabonyeza tena.

Hapo ndipo nilipoona.

Upande wa kushoto juu ya kamera hizi kuna kifundo cha kurudishia filamu. Ukiwa umeweka filamu, kila unapovuta mkono ule, kifundo nacho kinazunguka kidogo, maana filamu inakivuta kwa ndani. Kile cha Fidelis kilikuwa kimetulia. Akavuta tena, kimetulia. Alibonyeza mara saba, na mara zote saba kile kifundo hakikutikisika.

Hakukuwa na filamu.

Nilitazama chini. Mama Rhobi alikuwa anatabasamu kwa mdomo uliofungwa, akificha pengo.

Ndani ya gari nilimuuliza filamu iko wapi. Alicheka, kicheko cha mtu aliyefumaniwa na rafiki.

"Filamu siku hizi inavyosumbua kupatikana, Bhoke! Nilitaka tu kusikia inavyolia na lenzi mpya. Wale wazee hawajui. Nitawaambia iliungua."

Nilipaswa kushuka pale pale nikarudi kwa miguu. Sikushuka. Tulipofika Tarime alifungua sanduku la gari, akanipa kiboksi chenye ile thelathini na tano. Nikakipokea.

Nikasema asante.

Kiboksi kilikaa kwenye droo ya kaunta wiki mbili. Sikukifungua. Mimi, ambaye nikipata hata kifuniko cha lenzi nalala nacho, sikukifungua.

Kisha Jumanne Fidelis akaweka picha kwenye kundi letu la WhatsApp, kundi la wapenzi wa lenzi za zamani, watu wa Mwanza, Musoma na wengine wa ng'ambo ya Sirari. Lenzi ya Mzee Makuru juu ya kitambaa cheusi, imeng'arishwa. Chini yake ameandika: "Kutoka kwa mkongwe wa Serengeti. Nilipata bahati ya kumpiga yeye na mkewe picha ya mwisho nayo." Watu wakamwaga makofi na mioyo. Mmoja akaandika kwamba amelia.

Niliandika: "Tuonyeshe hiyo picha."

Baada ya muda akajibu kwamba kwa bahati mbaya filamu iliingia mwanga. Makofi mengine, ya pole safari hii. Watu wazima kabisa, wenye watoto, wanampa pole mtu kwa filamu ambayo haikuwepo. Niliwadharau wote, mmoja mmoja, kwa majina. Halafu nikafungua droo ya kaunta kutafuta kalamu, nikakiona kile kiboksi, na dharau ikakosa pa kwenda.

Jana nilifunga duka mapema. Niliweka filamu kwenye kamera yangu, nikahakikisha mara mbili, nikapanda basi la Mugumu.

Mzee Makuru alikuwa nyuma ya nyumba anachonga mpini wa jembe. Nilisema shikamoo, akaitikia marahaba, na kabla hajanionyesha pa kukaa nilishaanza kutapika maneno. Kwamba kamera ilikuwa tupu. Kwamba nilijua. Kwamba nimekuja kuomba radhi.

Aliendelea kuchonga.

"Najua," alisema.

"Unajua nini, Mzee?"

"Kifundo hakikuzunguka. Mimi nilishika kamera kabla baba yake huyo bwana hajaoa."

Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akaweka panga chini.

"Mama Rhobi alikuwa ameazima hereni," alisema. "Ningemwambia nini, mbele ya wageni? Vua, rudisha?"

Akaninyooshea kidole.

"Wewe je? Nilikuona. Ulikitazama kile kifundo, halafu ukatazama viatu vyako. Yule bwana ni mjinga, simlaumu. Wewe ni mpigapicha."

Alisema kwa upole kabisa. Heri angefoka.

Nilitoa kile kiboksi kwenye mkoba nikamwambia ukweli uliobaki, kwamba hii ndiyo iliyoninyamazisha, na kwamba aichukue yeye. Alifungua, akaitoa lenzi, akaiinua kwenye mwanga, akafumba jicho moja. Akaigeuza. Akaitazama tena. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa, akanirudishia.

"Angalia mwenyewe."

Niliangalia. Ndani, kati ya kioo na kioo, kulikuwa na kuvu, nyuzi nyeupe zimetambaa kutoka ukingoni hadi katikati. Lenzi imekufa. Fidelis alijua, mtu anayenusa lenzi hawezi kukosa kujua. Alinilipa kwa takataka, na mimi sikufungua hata kiboksi kuona nimenunuliwa kwa kitu gani.

"Binti, umetuuza kwa hii?" Mzee aliuliza, bado anafuta machozi ya kucheka.

Kicheko kilimtoa Mama Rhobi jikoni, ungo wa ulezi mkononi. Aliponiona uso ukamng'aa, na hilo ndilo lililonikata zaidi kuliko yote.

"Karibu mwanangu! Picha zetu zimefika?"

Mzee alinitazama. Hakunisaidia, na hakupaswa. Nikamwambia mwenyewe: hazipo, hazikuwahi kuwepo, kamera haikuwa na filamu, nilijua. Mzee akasafisha koo akaongeza kwamba na yeye alijua.

Mama Rhobi aliweka ungo chini. Alitutazama kwa zamu.

"Watu wazima watatu," alisema. "Mmoja hana filamu. Mmoja anaona, ananyamaza. Na huyu, mume wangu wa maisha yote, anaona, ananyamaza pia. Na mimi nimekaa pale natabasamu mbele ya kopo."

"Mama Rhobi, sikutaka uumie," Mzee alisema.

"Nani amekwambia naumia? Nakushangaa."

Nilisema nimekuja na kamera yenye filamu, kama wataniruhusu. Kwamba ningengoja hadi avae. Alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, bila haraka, na ndani ya macho yale nilimwona Fidelis amesimama mahali pangu.

"Gauni sivai. Limefuliwa, liko sandukuni. Piga hivi hivi."

Mzee akainuka akasema angalau achane nywele.

"Kaa hapo," alisema mkewe. "Siku ile ulichana, ikatoka nini?"

Akakaa. Mama Rhobi akajivutia kigoda kando yake, akapakata ungo wake, akaendelea kupepeta. Nilifunga lenzi yangu ya mikwaruzo, ile ya Mkenya. Ndani ya kidirisha niliwaona wako wanne, nikazungusha mpaka wakawa wawili. Nilipiga picha tatu. Baada ya ya pili Mzee aliomba kamera, akavuta mkono wa filamu mwenyewe, akakitazama kifundo kikizunguka, akanirudishia.

Hawakunipa chai. Ninayeishi hapa najua maana yake.

Leo asubuhi Fidelis amenitumia ujumbe. "Bhoke, hakuna mzee mwingine mwenye vitu? Safari hii nakupa lenzi ya hamsini, safi kabisa." Nimemjibu kwamba wapo, na kwamba sitamwonyesha mlango wa hata mmoja, na kwamba kiboksi chake nimekiacha kwa mhudumu wa duka lake juu ya mifuko ya saruji. Kundini nimeandika yote, na kosa langu pia. Wawili wamenipigia kuniuliza kwa nini namchafua mtu. Mmoja ameuliza kama lenzi ya mzee ilikuwa na vifuniko vyake vya asili.

Mchana nimeiosha filamu kwa dawa bafuni. Sasa imening'inia kwenye kamba ya nguo, inakauka, na nimeishika kwenye mwanga wa dirisha mara nyingi kuliko inavyostahili. Ya kwanza niliitikisa, imetoka ukungu. Ya tatu Mzee amefumba macho. Ya pili ni kali kila mahali, hadi punje za ulezi hewani juu ya ungo. Mzee anamtazama mkewe, anakaribia kucheka. Mama Rhobi hamtazami. Ananitazama mimi. Na hata hapa kwenye filamu, ambako nyeusi ni nyeupe na nyeupe ni nyeusi, macho yale hayana shida kusomeka.

Wateja huniomba niwalainishe sura, niwapunguzie makunyanzi, niwape tabasamu. Hii siigusi. Kesho nitaichapa kubwa, ya kuning'inia ukutani. Jumamosi nitapanda nayo basi nimkabidhi Mama Rhobi mkononi, na kama ana neno jingine la kuniambia, nitakaa pale nimsikilize mpaka amalize.