Kaburi Lako Limezuia Barabara

Baba,

Nakuandikia nikiwa nimekasirika, na wa kumkasirikia ni wewe. Huu ni mwaka wa nne uko kaburini na bado unatusumbua kama zamani.

Daraja limekamilika. Ndiyo, lile ulilolipigania kwenye kila mkutano wa kijiji mpaka mwenyekiti akikuona umenyoosha mkono anageukia upande mwingine. Limesimama juu ya mwamba uleule uliowaonyesha wapimaji, na ni zuri kweli. Tatizo ni kwamba halifikiki. Tuta la barabara upande wetu halijajazwa, kwa sababu pale linapotakiwa kupita umelala wewe.

Sasa niambie, Baba. Mwamba uliuonyesha mwenyewe. Pembeni ni tope linalomeza ng'ombe, ulijua. Barabara ingepita wapi? Lakini ulipougua uling'ang'ana: "Mnizike pale karibu na mto. Huko nyuma ya nyumba alikolala mama yenu sitasikia magari." Tukakutii. Nikasakafia kaburi, nikaweka vigae nilivyonunua mjini, Iringo, vikaja kwa basi mpaka Nyamuswa, na kutoka hapo nikavileta kwa bodaboda nimevipakata. Juu ya vigae hivyo watu wa barabara wamechora X nyekundu.

Injinia alikuja kwa heshima, akavua kofia. Baba mdogo Magesa akamjibu kwamba marehemu hasogezwi, mahali alichagua mwenyewe. Tumekaa vikao vinne. Kila kikao natoka kwangu Nyakato kuja kula vumbi, tunakunywa chai, tunaishia palepale. Cha mwisho nikasema mtoto wa kwanza ni mimi. Akaniambia, "Wewe umeshaolewa. Kaburi la kaka yangu linakuhusu nini?" Nilitamani kuimwaga ile chai.

Huku nyuma watoto wa shule wamegonga ngazi ya miti, wanapandia darajani. Daraja zima la zege, linapandwa kama dari! Wiki iliyopita nilimwona Mama Neema, jirani yetu, mimba yake ya miezi minane. Alishika ile ngazi, akaitazama, akaiacha, akashuka kupita majini. Maji yalimfika kiunoni. Nilisimama pale kwenye vigae vyako nikalia, Baba, kwa hasira.

Ndipo nikakumbuka darasa la kwanza. Mvua zikianza ulikuwa unanibeba mgongoni mpaka ng'ambo. Uliniita mama, kwa kuwa nina jina la mama yako. "Shika shingo, mama. Usiangaliage maji." Mchana nikitoka shule nilikukuta unanisubiri kwenye jiwe kule ng'ambo, suruali haijakauka. Sikuwahi hata kukushukuru.

Siku hiyohiyo nikaenda kwa baba mdogo na karatasi ya kibali cha kuhamisha kaburi. Sikugombana. Nilimweleza tu habari za Mama Neema, na za mgongo wako. Akasema, "Na mimi alikuwaga ananibeba palepale." Akaomba kalamu. Vikao vyote vile, kumbe neno lenyewe lilikuwa hilo!

Basi Ijumaa mchungaji anakuja, tunakuhamishia kwa mama. Usinune. Malori yana honi, utayasikia hata huko nyuma ya nyumba, na vigae nitanunua vingine.

Lakini nimemwambia injinia kwamba kabla hajamwaga kifusi, na kabla gari lolote halijapita, wewe unavuka kwanza. Akasema utaratibu huo haupo. Nikamwambia basi auandike. Ngazi ya watoto ipo. Sanduku la mifupa yako litakuwa dogo, nitalifunga mgongoni kwa kitenge, baba mdogo atanishikia ngazi. Tutakwenda mpaka kwenye lile jiwe lako, tutapumzika kidogo, tutarudi. Hilo nakuahidi.

Kwaheri, Baba. Ijumaa ushike shingo. Usiangaliage maji.