Kidole Changu na Betri Yako

Mpendwa mdogo wangu,

Simu yako ya Jumapili imenikera. Ndiyo maana nakuandikia. Kwenye simu ungenikatiza.

Unaikumbuka redio ya baba kule Kitahana? Springi ilikatika, betri zikawa hazigusani. Mama akaamua: mkubwa abane betri kwa kidole, mdogo ale. Mpira unatangazwa, mimi nimebana, wewe umehamia kwenye dagaa wangu. Nikilegeza kidole nichukue tonge, redio kimya, na baba anasema, "We, bana. Ugali haukimbii." Ugali haukukimbia kweli. Dagaa ndio walikimbia, na mdomo wako uling'aa mafuta.

Basi uliponiambia kwamba huko ng'ambo, maabara, mnatengeneza betri isiyo na maji, nilikucheka. "Betri kavu? Si nauza hapa dukani Kasulu?"

Ukasema, "Kaka, hiyo yako maji yamenywewa tu kama na sponji. Yangu ndani ni kigae."

Tena ukanieleza kwamba kigae hakibonyei, kikiachana na kipande kinachogusana nacho betri inakufa, kwa hiyo mnaibana kwa skrubu. Hapo nilicheka mpaka mteja akadhani nimempunja. Shule yote hiyo, mdogo wangu, na bado mnatafuta kidole.

Sasa Jumapili unasema unaacha, eti betri imekufa kwenye chaji ya arobaini. Nikauliza, iliyotangulia? "Thelathini." Halafu unalia. Hiyo ni theluthi nzima imeongezeka. Mimi nilianza na meza na chaja moja ya simu, na hakuna mwaka duka hili limekua kwa theluthi. Mbona sijafunga? Tena dagaa wangu wote wale ulikula ili uje kuacha? Hapana. Ule ulikuwa mtaji wangu.

Nimekukumbuka, ingawa kwenye simu nilikugombeza tu. Redio ya baba ninayo hapa, juu ya rafu. Springi za kuitosha nina boksi zima na nauza kila siku, ila hiyo moja sijaweza kuiweka. Ikitengemaa, haitamhitaji mtu.

Kesho rudi maabara, ubane tena. Ukija likizo, shemeji yako atakaanga dagaa, nitatafuta mpira redioni, na safari hii kidole kitakuwa chako.

Nitakula polepole sana.

Kaka yako,
aliyebana